Pointi Tano

“Mwizi gani,” mama mkwe alimuuliza kila aliyeingia uani kutoa pole, “mwizi gani anayekata geti la wizi mchana kweupe, pembeni ya barabara, cheche zinarukia miguu ya askari?”

Pole ilikuwa ya mwanawe, Fundi, aliyekamatwa Jumatatu. Geti lililetwa na mtu mwenye mkokoteni na maneno matamu, akataka lipunguzwe upana, akasema atapita jioni kulichukua. Jioni walipita polisi. Kumbe geti ni la zahanati ya mtaa wa pili. Mwenye mkokoteni akayeyuka, na Fundi, ambaye alikuwa amechomelea nusu ya madirisha ya mtaa ule, akapandishwa nyuma ya gari akiwa bado amevaa miwani yake myeusi ya kazi, majirani wakimtazama kama mtu aliyehamia jana.

Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mama Kijino kwa ajili ya binti yake mwenye pengo, alilia siku ya kwanza tu. Siku ya pili alijikaza. Alikuwa na sababu ambayo wake wengine hawana: mahakama ile aliijua ndani nje. Miaka mitatu alikuwa ameshinda na mafaili yake kutoka asubuhi hadi jioni.

“Jumatano anasomewa shitaka, Jumatano hiyo hiyo anapata dhamana,” alimwambia mama mkwe. “Hajawahi kushitakiwa, ana pa kukaa, ana familia. Nalijua jedwali lao, mama. Tumelitengeneza sisi.”

“Basi mwambie huyo daktari wenu akawakumbushe.”

“Daktari wetu ni wa uchumi, mama. Hana usemi mahakamani.”

“Wa uchumi, ndiyo maana goti langu hataki kulitazama,” alisema mama mkwe. Jambo hilo lilikuwa limekataa kumwingia akilini kwa miaka yote mitatu.

Jedwali lenyewe lilikuwa hivi. Daktari alipata ruhusa ya kusoma mafaili elfu arobaini ya zamani ili ajue jambo moja tu: washitakiwa wakipewa dhamana, nani hurudi siku ya kesi na nani hukimbia. Mama Kijino na wenzake watano waliyafungua mafaili hayo moja moja na kuyaingiza kwenye kompyuta: umri, kosa, makazi, mwajiri, alirudi au hakurudi. Daktari akapiga hesabu zake, likatoka jedwali la ukurasa mmoja. Kila kisanduku kina pointi zake, na pointi zikizidi nane hakuna dhamana. Mahakama ikalipenda, ikaanza kulitumia. Daktari hakuwa na nia mbaya hata chembe. Zamani, alipenda kusema, hakimu alimtazama mtu viatu. Siku hizi anatazama ushahidi. Siku ya kulizindua kulikuwa na soda na picha ya pamoja, na Mama Kijino alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Jumatano Fundi alisimama kizimbani, viatu vyake vimenyang’anywa kamba. Karani wa mahakama, mwanamke aliyening’iniza miwani kifuani, alijaza jedwali huku akisoma kwa sauti, macho yake yasipande juu ya karatasi hata mara moja.

“Kosa la mali: tatu. Makazi, amepanga: mbili. Kutiwa hatiani zamani, hapana: sifuri. Mwajiri?”

“Nimejiajiri mwenyewe,” Fundi alisema. “Nina karakana yangu. Hata madawati ya shule ya hapa jirani ni mimi ndiye—”

“Nimeuliza mwajiri. Anayekulipa mshahara.”

“Hayupo.”

“Hana mwajiri: tano.” Karani akajumlisha. “Kumi, mheshimiwa.”

“Imezidi nane,” alisema hakimu. “Apelekwe mahabusu. Kesi itatajwa baada ya siku kumi na nne.”

Basi, ilikwisha hivyo. Mtu hutumia muda mrefu zaidi kuchagua nyanya. Fundi aligeuza shingo kumtafuta mkewe kati ya watu, lakini Mama Kijino hakuwa akimtazama. Alikuwa ameganda kwenye ile tano. Alijua ilikotoka.

* * *

Kwenye mafaili ya zamani, kazi ya mtu haikuandikwa siku ya kwanza. Iliandikwa kwenye ukurasa wa pili, na ukurasa wa pili ulijazwa mshitakiwa aliporudi mahakamani kwa mara ya pili. Aliyekimbia hakurudi, kwa hiyo ukurasa wake wa pili ulibaki mweupe. Mama Kijino alikuwa amekutana na kurasa nyeupe za namna hiyo kwa mamia.

Kompyuta haikukubali kisanduku kitupu. Kwa mtu asiye na mwajiri uliandika sifuri. Kwa faili lisilosema lolote uliandika tisa, na ukithubutu kuandika tisa, linafunguka dirisha jingine la kudai maelezo, na maelezo yanataka sahihi ya Msimamizi, na Msimamizi yuko kwenye simu. Nao walilipwa kwa faili, si kwa siku. Wiki ya kwanza waliandika tisa zao kwa uaminifu, wakamaliza mafaili ya kuhesabika kwa vidole. Wiki ya pili Msimamizi akapita katikati ya meza akipiga makofi kama anayefukuza kuku.

“Jamani, mnanichosha na hizi tisa zenu. Kama kazi haikuandikwa si ndiyo kusema hana? Wekeni sifuri, tusonge mbele.”

Wakaweka sifuri, wakasonga mbele. Mama Kijino alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote, na sifuri zake ndizo zilizokuwa nyingi.

Ni pale kwenye benchi la mahakama, mumewe akisukumwa kupita mlango wa nyuma, ndipo alipoliona jambo zima. Waliokimbia hawakuandikiwa kazi kwa sababu walikimbia. Mama Kijino na wenzake wakawaandika kuwa hawana kazi. Daktari akatazama hesabu, akakuta wasio na mwajiri ndio wanaokimbia, akakipa kisanduku chao pointi nyingi kuliko vyote. Kompyuta haikumdanganya mtu. Ilidanganywa na watu sita waliokuwa na haraka, na mmoja wao alikuwa amekaa pale amekumbatia mkoba.

* * *

Jumapili walikwenda kumwona, yeye na mama mkwe. Askari wa zamu aliukata mkate vipande vinne kutafuta sijui nini, akachoma sabuni kwa bisibisi, akakoroga wali kwa kijiti ambacho hakukifuta. Mama mkwe aliambiwa avue kilemba akikung’ute. Alikivua. Mvi zake zilikuwa hazijaonekana na mwanamume asiye wa nyumba yake kwa miaka thelathini, na njia nzima ya kurudi alikishikilia kilemba kwa mikono miwili.

Fundi alisimama upande wa pili wa wavu, amekonda mashavu kwa siku nne tu.

“Kijino hajambo?”

“Hajambo. Jino jipya limeanza kutokeza.”

“Mle ndani tunalala kiubavu, Mama Kijino. Mmoja akitaka kugeuka tunageuka wote. Kuna mwenzetu anaita, moja, mbili, geuka.” Akacheka kidogo, kisha akasogeza mdomo karibu na wavu. “Wewe si ndiye mtu wa jedwali? Zile tano haziwezi kupunguzwa?”

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kusema zinapungua ni kusema zilizidishwa, na kusema zilizidishwa ni kusema na nani. Alimtazama mumewe, shati lile lile la Jumatatu, akaona haya kama msichana.

“Subiri kidogo, Baba Kijino.”

“Nasubiri nini?”

“Wewe subiri tu.”

* * *

Ni rahisi kumlaumu. Lakini mwezi ule ule mradi ulikuwa unapata fedha mpya za kusoma mafaili ya mahakama nyingine sita, na waingizaji wote walikuwa wameahidiwa mkataba wa mwaka mzima, wenye mshahara wa mwezi, kwa mara ya kwanza. Fundi akiwa ndani, kipato cha nyumba ile kilikuwa ni vidole kumi vya Mama Kijino. Akifungua mdomo, anamwaga unga wake na wa wenzake watano. Mmoja ana mapacha wachanga, mwingine amemlaza baba yake hospitali. Akakata shauri: kwanza nisaini, kisha nitasema. Akishasaini watamvumilia, aliwaza. Mkataba ulikuwa usainiwe Ijumaa. Ijumaa ikaja, wakaambiwa Ijumaa ijayo.

Wakati anangoja, nyumba ilikuwa ikibomoka kidogo kidogo. Mwenye duka alikuja na vijana wawili kuchukua mlango wake ambao Fundi alikuwa ameufikisha nusu.

“Si kwamba simwamini, shemeji,” alisema, macho kwenye bawaba. “Ila mlango ni mlango.”

Mwalimu mkuu wa shule akatuma ujumbe kwamba madawati yaliyobaki yatatengenezwa na fundi mwingine, kwa sasa. Kijino alirudi siku moja kutoka shuleni, akala nusu sahani, kisha akauliza kwa nini wenzake darasani wanafunga mikoba akipita. Mama mkwe alitaka kwenda shuleni na fimbo yake. Mama Kijino alimwambia mtoto kwamba wanacheza tu, na mtoto akamtazama kwa namna ya kumhurumia.

Siku ya kumi na nne kesi ilitajwa. Mpelelezi hakufika, ikasogezwa wiki mbili mbele. Jumapili iliyofuata Fundi hakuuliza tena habari za jedwali. Aliongea taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

“Kuna karani wa magereza anapita kule kwetu. Anasema anayekiri, siku alizokaa zinahesabiwa kuwa ndiyo kifungo chake. Anakiri asubuhi, mchana yuko kwake.”

“Usije ukakiri kitu hujafanya!”

“Wengine wamekaa mwaka na nusu, Mama Kijino. Kesi inatajwa tu. Mpelelezi anaumwa, mpelelezi yuko likizo, mpelelezi kahamishwa.”

“Subiri. Nakuomba.”

“Nasubiri nini?”

Hapo angeweza kusema. Askari alikuwa mbali, mama mkwe alikuwa amebaki nyumbani na goti lake, saa ya kuonana ilikuwa haijaisha. Alifungua mdomo, zikatoka habari za mvua kuvuja jikoni. Fundi akaitikia kwa kichwa, akamweleza bati lilipo, nyuma ya mtungi wa gesi, na misumari ya kutumia.

* * *

Mkataba uliletwa Jumanne, siku moja kabla ya kesi kutajwa tena. Waliitwa mmoja mmoja ofisini kwa Daktari. Mama Kijino alipoingia, karatasi ilikuwa imegeuzwa upande wake tayari na kalamu imelazwa juu. Aliishika. Akaikuta sehemu ya sahihi. Na juu yake, kwenye mstari uliochapwa kwa wino mzito, palikuwa na maneno kwamba mtia sahihi anathibitisha kazi yake yote ya awali ilifanywa kwa uaminifu.

“Haiandiki?” Daktari aliuliza, akatafuta nyingine mfukoni.

“Inaandika, Daktari. Kuna jambo.”

Akalisema. Alianza na ukurasa wa pili, akaenda kwenye sifuri na tisa, akamaliza na mumewe. Mwanzoni Daktari alitabasamu, kama watu wa elimu wanavyotabasamu mtu wa kawaida akiwaeleza kazi yao. Halafu tabasamu likapotea. Hakupiga kelele. Aliinuka, akakunja mikono ya shati, akasema, “Twende stoo.”

Walishusha maboksi wenyewe, wawili tu, vumbi likiwapalia. Walichagua mafaili mia moja ya watu waliokimbia na kuandikwa sifuri, wakayafungua ukurasa wa pili, moja baada ya jingine. Yaliyoandikwa waliyaweka kushoto, meupe kulia. Kufikia saa tisa alasiri kushoto palikuwa na mafaili kumi na matatu. Kulia rundo lilikuwa limeanguka mara mbili.

Daktari alirudi kwenye kompyuta, akayapunguza mafaili ya namna hiyo kwenye hesabu nzima kwa kiwango hicho hicho, akangoja. Mama Kijino alisimama nyuma ya kiti chake, hakuthubutu kukaa.

“Si tano,” Daktari alisema hatimaye. “Ni moja. Na hiyo moja yenyewe kwa kubembeleza.”

Tatu na mbili na moja. Sita. Mumewe alikuwa wa pointi sita tangu siku ile ya kwanza, na mwenye sita hulala kwake.

“Jedwali lina miezi minane mahakamani,” alisema Daktari. Alikuwa ameshika tama, na uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. “Unajua ni watu wangapi? Na wewe umejua lini?”

“Wiki nne, Daktari.”

Daktari alivuta karatasi. Aliandika barua kwa hakimu, yenye muhuri wa mradi, kwamba kisanduku cha mwajiri kina kosa la takwimu na mahakama inaombwa isikitumie hadi kirekebishwe, na kwamba mshitakiwa fulani, kwa mfano, angestahili dhamana. Akaitia kwenye bahasha. Kisha akaichukua mikataba yote sita, ikiwemo minne iliyokwisha kusainiwa, akaifungia kwenye droo. Mradi utasimama, alisema, mpaka wafadhili waamue.

Nje, wenzake walikuwa wameshapata habari. Mwenye mapacha hakumtazama. Msimamizi ndiye aliyemfuata hadi ngazini.

“Mimi sijawahi kumwambia mtu aweke sifuri. Una maandishi?”

“Sina.”

“Basi nenda salama, dada. Umetumwagia unga sote.”

Aliteremka na bahasha yake. Alikuwa hana kazi, na miguu ilikuwa myepesi. Kesho, aliwaza. Kesho atakuwa nyumbani, nitamweleza yote, anitukane akimaliza anisamehe. Ilikuwa ni mara ya kwanza katika wiki nne kujisikia mtu.

* * *

Asubuhi yake alifika kabla mahakama haijafunguliwa. Karani alivaa miwani, akaisoma bahasha juu na chini bila kuifungua.

“Barua zinasomwa baada ya wanaokiri.”

“Ni ya dhamana ya mume wangu. Inahusu jedwali.”

“Nimesikia. Wanaokiri kwanza, mama. Ni wepesi, tunawamaliza mapema. Kaa.”

Alikaa mstari wa mbele. Mahabusu waliingizwa kwa mlango wa nyuma na kugawanywa kwenye mabenchi mawili: kulia wale wa kesi za kutajwa, ambao walikuwa wengi na wamebanana, kushoto wanaokiri, ambao walikuwa watano. Alimtafuta mumewe kulia. Alipita sura moja moja, akarudia. Kisha akatazama kushoto.

Alikuwa wa tatu, amenyolewa, mikono juu ya magoti. Alipomwona mkewe alimkonyeza, kama zamani alipokuwa akimletea Kijino kitu mfukoni.

Mama Kijino alijikuta amesimama. “Mheshimiwa—”

“Kaa chini,” alisema askari.

“Nina barua. Mheshimiwa, kuna barua, huyo hatakiwi kukaa huko—”

“Mama,” alisema hakimu bila hasira, “ukisimama tena utakaa na hao wa kulia. Endelea, karani.”

Alikaa. Mkono wa askari ulikuwa begani mwake, mzito. Alimtikisia mumewe kichwa, akatikisa tena, na Fundi alimjibu kwa kumwonyesha kiganja, taratibu, usiogope. Wa kwanza alikiri kuku. Wa pili alikiri baiskeli. Yakasomwa maneno ya geti, siku, mtaa, kujua au kuwa na sababu ya kujua kwamba ni mali ya wizi.

“Ni kweli au si kweli?”

“Ni kweli, mheshimiwa.”

“Mahakama inakutia hatiani kwa kukiri kwako. Kifungo cha siku ishirini na nane, ambazo umeshazitumikia. Nenda, na usirudi hapa.”

Karani akaandika. Kwenye jedwali, kisanduku cha kutiwa hatiani zamani kina pointi nne, na hicho hakikuwa na kosa lolote la takwimu. Mradi hauwezi kukirekebisha. Cheti cha tabia njema, ambacho shule zinakitaka kabla fundi hajagusa dawati, Fundi hatakipata tena.

Mama Kijino alipomkuta mumewe kwenye ngazi za nje, alikuwa akifunga kamba za viatu, akicheka peke yake.

“Nimetoka! Umeona? Dakika mbili. Nilitaka nikushtukize.” Akainuka, akamshika mikono. “Mbona hucheki? Twende nyumbani.”

* * *

Mama mkwe alikuwa uani. Alimkumbatia mwanawe, akampapasa mbavu, akamsukuma nyuma amtazame vizuri.

“Wamesema nini?”

“Wamesema niende nyumbani, mama.”

Ilitosha. Alijifunga kanga kiunoni na kutoka mlangoni, goti au si goti, na sauti yake ikasikika nyumba hadi nyumba: mwanawe ametoka, mwanawe hana kosa, si alisema yeye, mwizi gani anakata geti mchana kweupe?

Ndani, Fundi alikuwa amekaa kitandani akivua shati. Mama Kijino alimpa bahasha ambayo hakuna aliyeifungua. Aliisoma polepole, kidole chini ya mistari. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Naye akamweleza, amesimama, mgongo kwenye kabati: sifuri, tisa, ukurasa wa pili, mkataba. Hakujitetea sana. Hapakuwa na pa kujitetea.

“Ulijua lini?”

“Siku ile ile ya kwanza. Walipotaja tano.”

“Kwa hiyo nilipokuuliza pale kwenye wavu.”

“Nilikuwa najua.”

Fundi aliikunja barua kama ilivyokuwa. “Mle ndani kuna mzee ana miaka miwili. Nilimuuliza, unawezaje? Akasema mkewe kamwambia kuna wakili anakuja. Hakuna wakili, kila mtu anajua hakuna wakili. Lakini mzee anangoja, anakula, anageuka tukigeuka.” Aliinua macho. “Ungeniambia kuna kitu, Mama Kijino. Ungesema tu kuna kosa mahali. Ningekaa hata mwaka.”

Alitaka kumgusa, akaogopa. Alisema amemkosea, akasema tena, na mumewe akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa bei.

Sauti ya mama mkwe ilikuwa inarudi, imeongezeka vicheko vya majirani. Fundi alivaa shati lake tena, akatoka uani.

“Mama. Nyamaza, mama. Ingia ndani.”

“Ninyamaze nini? Si wamekuachia?”

“Nimekiri.”

Mama mkwe alimtazama mwanawe machoni. Mama Kijino akaja mbio kueleza, akaeleza vizuri kuliko alivyomweleza Daktari, mwanawe hana kosa, kosa ni la kisanduku, kosa ni lake yeye. Kikongwe alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na heshima hiyo.

“Mimi namba zenu sizijui, mwanangu,” alisema. Kisha akamgeukia Fundi. “Nakuuliza wewe. Umekiri kwa mdomo wako?”

“Kwa mdomo wangu, mama.”

“Mbele ya watu?”

“Mbele ya watu.”

Alifungua kanga kiunoni, akakung’uta mkeka wake, akauviringisha. Aliingia chumbani kwake na kuvuta pazia. Majirani walikuwa wamefika mlangoni, wa mbele amebeba sahani iliyofunikwa, wakapiga hodi kwa furaha. Wakapiga tena. Watu watatu walikuwa ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyewaitikia.